Tochi ya kuona mbali au ya kuona miguu? Tulizozijutia, na tulizobaki nazo

Mwezi wa Juni nilimwazima mzee anayelinda ploti yetu tochi mbili, moja wiki ya kwanza na nyingine wiki ya pili, nikamwomba aniambie angependa kubaki na ipi. Ya kwanza ni ndefu, kichwa chake kipana kama kikombe cha uji, na karatasi yake inaahidi mita 1,000. Nilidunduliza miezi mitatu ili niinunue. Ya pili inafichika kiganjani, na karatasi yake inasema mita 140 tu. Wiki mbili zilipokwisha, jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Kijana wangu, hii ndefu inaona mpaka Kiambu," aliniambia, "lakini miguu yangu haiioni. Nimejikwaa kwa ndoo ya mama wa namba nne nikiwa nimeiwasha."

Tuko watano hapa Nairobi tunaokusanya tochi, na Jumamosi moja tulikubaliana kila mtu aje na zile anazozijutia. Zilijaa meza: kumi na saba. Tukaziweka moja moja kando ya ile iliyokuja kuchukua nafasi yake, tukazima taa, tukaanza kuziwasha. Ninayoandika hapa yametoka kwenye meza hiyo, na nimeyaandikia mtu aliye karibu kununua. Kama unatafuta tochi kali kuliko zote duniani, huo ni mjadala mwingine.

Ya mbali na ya karibu

Nguvu ya mwanga inaweza kuwa ileile, tofauti ikawa jinsi inavyogawanywa. Tochi yenye kikombe kirefu, kipana na laini kuzunguka LED ndogo hukusanya mwanga ukawa kama mkuki. Yenye kikombe kifupi chenye vinundu kama ganda la chungwa, au lenzi ya vipele, huumwaga mwanga kama maji sakafuni. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka. Kandela hupima ukali wake pale katikati. Tochi mbili za lumeni 1,000 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa mkononi.

Zile mita za kwenye boksi nazo zina maana yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kutoa hela. Kipimo cha ANSI FL1, kilichotoka mwaka 2009, kinahesabu umbali mpaka pale mwanga unapobaki robo ya laksi, sawa na mbalamwezi kamili kwenye anga safi. Kwa hiyo mita 1,000 maana yake ni kwamba huko mwisho kuna mwanga wa mbalamwezi, basi. Jaribu kumtambua mtu kwa mbalamwezi akiwa umbali wa kilomita moja. Mimi huikata hesabu hiyo nusu, na kukiwa na vumbi huikata zaidi. Tena ukitaka kuongeza umbali mara mbili unahitaji kandela mara nne: mita 500 zinataka kandela 62,500, mita 1,000 zinataka 250,000. Ndiyo maana kichwa kinanenepa na bei inapanda.

Baada ya maneno ya yule mzee nilifanya jambo ambalo nilistahili kulifanya miaka sita iliyopita: nilipima giza langu kwa hatua. Kutoka lango hadi mlango wa ngazi, hatua 22. Ngazi zenyewe ni ghorofa tatu bila dirisha. Kutoka ninapoegesha pikipiki hadi mwisho wa ukuta, hatua 61. Nyumbani kwa wazazi, kutoka jikoni hadi zizini, 90. Sina giza linalozidi mita mia moja, na nilikuwa nimenunua tochi nne za kuona zaidi ya nusu kilomita.

Hapa nisieleweke vibaya. Tochi ya mbali si tochi mbaya. Mmoja wetu ana shemeji anayefuga Kajiado, na tochi aliyoijutia Nairobi imekuwa ya thamani huko. Usiku mbwa wakibweka, huizungusha boma lote na kutafuta macho. Macho ya fisi yana utando nyuma unaorudisha mwanga, yanang'aa kabla hujamwona fisi mwenyewe, na kwa kazi hiyo mwanga wa mkuki hauna mpinzani. Mwenye shamba kubwa au mlinzi wa ukuta mrefu naye anunue ya mbali bila wasiwasi. Sisi wengine tunaokaa Umoja, Kasarani, Rongai, tunahitaji ya kumwaga mwanga, yenye ukali kidogo katikati. Kandela kati ya 5,000 na 15,000 zinatosha: hizo ni mita 140 hadi 245 kwa hesabu ya boksi.

Ziko pia zile zinazotumia leza ya buluu kupiga kipande cha fosfori, mwanga ukatoka mweupe na mwembamba kama uzi. Ni kitu cha ajabu kukitazama. Mwenzetu aliyeinunua ameitumia mara mbili, maana pembeni mwa ule uzi hakuna mwanga hata kidogo. Halafu anaishi Lang'ata, ambako ndege za uwanja wa Wilson hupita chini. Mwanga ukimwingia rubani machoni wakati anatua, hakuna tena cha kuzungumza kuhusu burudani. Kama unayo na uko upande huo, usiielekeze juu kamwe.

Lumeni za boksi na lumeni za kweli

Tochi saba kati ya zile kumi na saba zilijutiwa kwa sababu ya namba. Acha nionyeshe hesabu, kwa sababu ukishaijua hakuna boksi litakalokudanganya tena.

LED nzuri ndani ya tochi ya mfukoni hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Betri ya 18650, ile ya unene wa milimita 18 na urefu wa 65, ikiwa ya mAh 3,000 hubeba takriban wati-saa 10.8. Kwa hiyo lumeni 1,000 hula wati kumi, na betri hiyo itazihudumia kama saa moja. Sasa chukua ile tochi ya kuvuta kichwa niliyoinunua mjini kwa mia nane, iliyoandikwa lumeni 90,000. Lumeni 90,000 zingehitaji wati 900, karibu na pasi ya stima. Hata kama betri ile moja ingekubali kutoa nguvu hiyo, isingemaliza dakika moja. Tochi za lumeni 100,000 zipo kweli duniani: MS18 ya Imalent ni mojawapo, na kuzitoa inahitaji betri nane za 21700 (kubwa kuliko 18650), feni ndani yake, na uzito unaokaribia kilo mbili. Weka picha hiyo kichwani ukiwa umeshika kitu cha mfukoni kinachodai hivyohivyo.

Tulipoiweka ile ya mia nane kando ya tochi ndogo ya kampuni ya Convoy iliyoandikwa namba ya kawaida tu, ya kuvuta ilionekana kali kwa sekunde moja, ukiikaza iwe doa. Ukutani lilitokea umbo la mraba, picha ya LED yenyewe, na kuzunguka mraba huo giza tupu. Ukiikaza hivyo, mwanga mwingi unabaki ndani ya shingo; ukiilegeza ienee, unafifia kwa sababu umetawanyika. Na kwa vile kichwa kinateleza, mvua ya Aprili huingia. Yangu iliingia maji nikitembea kutoka steji hadi nyumbani.

Hata zinazosema ukweli zina jambo la kujua. Tochi ndogo ya lumeni 1,000 haitakaa kwenye 1,000. Baada ya dakika mbili tatu mwili wa alumini unapata moto, na tochi inajishusha yenyewe ili isiungue. Wengi hudhani imeharibika, wakairudisha dukani. Haijaharibika, ndivyo inavyopaswa kufanya. Mwili wa ukubwa huo unaweza kuondoa joto la wati chache tu, kwa hiyo kinachodumu ni kama lumeni 300 hadi 500. Ndiyo namba ya kulinganisha. Muda wa boksi nao huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulioanza nao, kwa hiyo "saa nne kwenye 1,000" inaweza kuwa dakika chache za 1,000 na saa nyingi za mwanga wa kusomea.

Jicho letu pia lina tabia yake. Ili uone mwanga kama umeongezeka mara mbili, unahitaji takriban mara nne ya lumeni. Mwenzetu mmoja amenunua toleo la kwanza, la pili na la tatu la tochi moja, kutoka 1,000 hadi 1,400. Tulimfumba macho, tukabadilisha, tukamwambia afumbue na ataje ni ipi. Alikosea mara tatu kati ya tano. Alinyamaza kwa muda, kisha akaziweka mbili kwenye rundo la kuuza.

Betri: iliyofungiwa, ya kutoa, na ya rimoti

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu dukani, lingekuwa hili: betri inatoka?

Iliyofungiwa ndani ni rahisi kwa mwanzo, unachomeka kama simu. Ila betri ya lithiamu huanza kuchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na siku hiyo tochi nzima inakufa pamoja nayo. Kuna pia zile zenye betri iliyotengenezwa kwa tochi hiyo peke yake, umbo ni la 18650 lakini kitako kina chanya na hasi pamoja. Inapokufa unamrudia mtengenezaji au unabaki na bomba la alumini. Ya kutoa, ya kawaida, utaweza kuibadilisha hata miaka kumi kutoka sasa.

Hatari ya betri ya kutoa ni betri bandia. 18650 za kawaida zilizo nzuri ziko kati ya mAh 2,500 na 3,600. Ukiona 9,900 kwenye plastiki, rudisha mkono. Dawa ni mizani. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Tuliazima mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, tukaweka mojawapo ya zile za 9,900: gramu 27. Kuifungua hatukuifungua, na wewe usiifungue, maana lithiamu ikitobolewa huwaka.

Za betri ndogo za rimoti zina sifa moja kubwa: kila kioski kinazo, hata kijijini kabisa. Kwa mzazi aliye mbali na chaja ningechagua hizo. Lakini betri za alkalini huvuja. Nina tochi ya marehemu baba, ndefu, ya betri kubwa tatu, aliyoibeba usiku wote aliokuwa akienda kumwagilia. Niliiweka kabatini na betri ndani yake miaka miwili. Nilipofungua kitako, springi ilikuwa na unga mweupe, chini yake kijani, na betri ya mwisho imevimba na kugoma kutoka. Niliigonga polepole juu ya taulo jioni nzima, nikasugua kwa siki na mswaki wa zamani. Inawaka sasa, lakini uzi wa kitako umeliwa na haukazi tena. Hicho ndicho ninachokijutia kuliko vyote, na hakikuwa kosa la tochi. Isiyotumika ikae bila betri, au uweke za kuchajiwa za nikeli, ambazo ni nadra kuvuja.

Kuhusu tundu la kuchajia, jambo fupi lenye kero kubwa: tochi nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C lakini zinakosa vipingamizi viwili vidogo vinavyoiambia chaja itoe umeme. Matokeo yake zinachajika kwa waya wa zamani wenye kichwa kipana upande mmoja, na waya wa simu mpya, wenye C pande zote mbili, hauzifanyi kitu. Tatu kati ya zile za mezani zilikuwa hivyo, na moja mwenyewe alikuwa ameshaitupa kwenye droo akidhani imekufa.

Kitufe, na usiku wa Agosti 2023

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima, na hazikurudi upesi. Mama alikuwa amekuja kutoka nyumbani, amelala chumba cha wageni. Mimi nilikuwa njiani. Kando ya kitanda nilikuwa nimemwachia tochi ninayoipenda kuliko zote, yenye programu ya Anduril, ambayo sisi wapenzi wa tochi tunaisifu kwa haki: kitufe kimoja, na kwa idadi ya kubofya unapata mwanga wa kiwango chochote, unasoma nguvu ya betri, unaifunga isiwake mfukoni. Kuifunga ni kubofya mara nne.

Mama alibofya kama mtu yeyote anayetaka mwanga gizani, haraka haraka. Ikajifunga. Alipokishikilia kitufe ilitoa mwanga hafifu kama kimulimuli, akikiachilia unazima. Aliponipigia aliniambia kwa upole, "Mwanangu, tochi yako imekataa." Alikuwa amekaa kitandani saa nzima akiogopa kuteremka ngazi ya chooni. Kosa ni langu, nilimpa kitu nilichojifunza kwa wiki mbili bila kumfundisha hata dakika moja.

Sasa pale kitandani kuna tochi ya kitufe cha kitako: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Nimeichagua kwa ajili yake na sijutii. Kitufe cha kitako hukata umeme kabisa, kwa hiyo betri haiishi ikiwa imelala. Kitufe cha kielektroniki cha ubavuni hunywa umeme kidogo kila saa, na baada ya miezi mingi unaweza kuikuta betri imeshuka vibaya. Tena hujibonyeza kwenye mkoba. Mwenzetu mmoja alisikia harufu ya kuungua ndani ya matatu, akakuta kitambaa cha mkoba kimeyeyuka duara sawa na kichwa cha tochi. Ukipenda ya ubavuni, legeza kitako robo mzunguko unapoisafirisha. Zilizo nyingi hukatika hapo.

Kwa hiyo: kama tochi ni yako peke yako na unafurahia kujifunza, chukua ya programu, ni raha isiyoisha. Kama kuna mtu mwingine nyumbani atakayeishika gizani, ya kitufe kimoja, kazi moja.

Rangi ya mwanga

Hili wengi hulipita, na mimi nililipita. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: namba ikipanda, mwanga unaelekea buluu. Mwanga wa buluu wa Kelvini 6,500 unaonekana mkali, na karatasi za matangazo zinaupenda. Jirani yangu ni fundi wa stima. Nilimmulikia akifungua soketi, akanisimamisha: "Hebu lete nyingine. Huu waya ni mweusi au kahawia?" Kwa mwanga ule hatukuweza kusema. Kwenye nyaya za zamani nyeusi ndiyo isiyo na moto, na kwenye mpya kahawia ndiyo yenye moto. Yeye huthibitisha kwa tesita siku zote, lakini si kila mtu ni fundi. Nilipoleta yenye LED ya Nichia 519A, kahawia ilionekana kahawia. Kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi huitwa CRI, jua ni 100, tochi nyingi ni kama 70, na nzuri ni 90 kwenda juu. Utapoteza lumeni kadhaa. Zipoteze. Kelvini 4,000 hadi 5,000 zinafaa nyumbani.

Ya kichwani

Kwenye meza yetu hapakuwa na tochi ya kichwani hata moja iliyojutiwa. Zote tano zilikuwa zinatumika. Kubadilisha tairi, kupika stima zikipotea, kutafuta bomba linalovuja: mikono miwili ni bora kuliko lumeni elfu mbili. Wanaopanda Mlima Kenya huondoka kambini kama saa tisa usiku ili jua liwakute Point Lenana, mita 4,985, na huko mikono imeshika fimbo. Baridi ile hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo ya akiba ikae ndani ya koti karibu na mwili. Ukiwa na hela ya tochi moja tu, ningekushauri ya umbo la L, inayotoka kwenye mkanda ukaishika mkononi.

Dukani

Ukienda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki hapa Nairobi, beba waya wa C pande zote mbili na betri moja unayoiamini. Jaribu waya kwanza. Kisha tia betri yako, iwashe juu kabisa, iweke kaunta dakika tatu mkiendelea kuongea bei. Gusa kichwa: kikipata moto na mwanga ukashuka kidogo, joto linatoka kwenye LED kwenda mwilini vizuri. Kikibaki baridi na mwanga ukafifia, rudisha. Legeza kitako uone kama inakatika. Mulika kiganja chako mwenyewe, na kama kinaonekana kama cha mgonjwa, omba nyingine. Halafu mwambie muuzaji akuruhusu utoke nayo hadi kwenye ngazi za jengo, maana mengi ya majengo yale yana ngazi zenye giza hata mchana, usimame juu, uelekeze chini, na uangalie kama unaiona ngazi ya mwisho na ile iliyo chini ya viatu vyako kwa wakati mmoja.